Mama Yetu Benedikta na Pikipiki ya Umeme

Watu waliokuja kumzika mama yetu Benedikta waliambiwa kwamba pikipiki ya umeme iliishiwa chaji njiani, na mgonjwa hakufika hospitali ya Haydom. Hilo ni kweli, lakini si lote. Nimeona niandike lililobaki kwa ajili ya wajukuu zake, ambao wengine wako mbali na wengine hawajazaliwa. Mdogo wangu Felician ameniruhusu. Alisema niandike kama ilivyokuwa, ila nisiandike kama mtu anayepeleka mashtaka.

Mama alikuwa mkulima. Nyumba yake iko kijijini, nje ya Dongobesh, upande wa njia ya Haydom, na shamba liko nyuma ya nyumba, linashuka mpaka kwenye kijito. Alilima mahindi na maharage, na kule chini penye unyevu alipanda vitunguu saumu. Hivyo ndivyo vilivyonisomesha mimi mpaka kidato cha nne. Mikono yake ilinuka vitunguu saumu mwaka mzima. Kanisani, wakati wa kupeana amani, wanawake wa jumuiya yetu walimtania wakisema amani ya Benedikta unarudi nayo mpaka nyumbani. Aliwajibu kwamba amani isiyo na harufu ni ya matajiri.

Baba yetu, Maximilian Margwe, alifariki nikiwa darasa la sita. Mama hakurudi kwao wala hakuolewa tena. Alibaki na sisi, ng'ombe wachache, na majirani. Nataja majirani kwa sababu bila hao huwezi kumwelewa Mama. Kwetu, mtu akifa, jembe haliingii ardhini mpaka azikwe. Anayelima anaacha, anayefyatua tofali anaacha, hata mashine ya kusaga inafungwa. Siku hizi wapo wanaochungulia kama kuna anayewaona, halafu wanamalizia mstari mmoja. Mama hakuwa hivyo. Siku ya msiba alisimama ukingoni mwa shamba na kumwita kwa jina kila aliyemwona ameinama. Nakumbuka mwalimu mmoja mgeni aliyekuwa anapalilia bustani yake siku mzee mmoja jirani yetu alipofariki. Mama alimwamkia vizuri, akamuuliza habari za nyumbani, kisha akamwambia, "Mwalimu, mzee akiwa hai unampa shikamoo. Akifa huwezi tena. Unampa kazi yako ya siku moja."

Mwalimu aliweka jembe chini.

Mama alikuwa na sababu yake. Siku baba yetu alipofariki, alitoka mlangoni akatazama mlima mzima, mashamba ya kila mtu, na hakuona mgongo hata mmoja ulioinama. Ulikuwa msimu wa kupanda na mvua ilikuwa imeshatulia ardhini, lakini watu wote walikuwa wameacha. Alituambia mara nyingi kwamba pale mlangoni ndipo alipojua mume wake alikuwa mtu, na kwamba bila kuona vile asingeweza kusimama.

Ugonjwa wake ulianza kama uchovu. Alianza kupumzika katikati ya shamba, akisingizia kwamba anaangalia wadudu. Baadaye miguu ikavimba, na usiku akawa hawezi kulala chali. Felician alimpeleka Haydom. Daktari akatueleza kwamba moyo umechoka na umetanuka, na siku nyingine maji yatajaa kwenye mapafu. Alitupa vidonge, akatuambia maneno ambayo mimi na Felician tuliyashika kama sala ya Baba Yetu: pumzi ikianza kukatika, msingoje mpaka kesho, msijaribu dawa za nyumbani, mleteni moja kwa moja hapa. Akiwahi atapata nafuu siku hiyohiyo. Akichelewa, hapana.

Kuanzia hapo maisha ya nyumba ile yakawa na jambo moja tu, kumwahisha Mama.

Felician ndiye kitinda mimba. Kwetu kitinda mimba ndiye anayebaki nyumbani na mama, na nyumba inakuwa yake. Mimi nimeolewa karibu, ng'ambo ya kijito, kwa hiyo nilikuja kila siku, lakini aliyelala pale alikuwa yeye. Kazi yake ilikuwa bodaboda, kijiwe chake Dongobesh karibu na stendi. Alikuwa na pikipiki ya petroli, kuukuu lakini nzima. Abiria wake wengi walikuwa wagonjwa na watu wanaokwenda kuwaona wagonjwa.

Kisha mafuta yakaanza kupanda. Kila bei mpya ilipotangazwa redioni, Felician aliizima redio kabla hawajamaliza. Kijijini petroli inauzwa mezani, mbele ya maduka, kwenye chupa za maji. Bei ilipopanda, wauzaji wakahamia kwenye chupa ndogo za soda, ili mtu asiyekuwa na uwezo naye apate kitu cha kumfikisha mahali. Watu wengi wakaanza kutembea kwa miguu. Hata magari ya abiria ya kwenda Haydom yakapungua, yakawa yanangoja mpaka yajae kabisa ndipo yaondoke. Vijana wa kijiweni walikuwa wanalala juu ya pikipiki zao mchana.

Siku moja ya mvua, pumzi ya Mama ikakatika. Ilikuwa ndiyo siku ambayo wauzaji wote walikuwa wameondoa chupa mezani, kwa sababu walisikia bei itapanda na walitaka kuuza kwa bei mpya. Tangi la Felician lilikuwa kavu. Alikwenda nyumba kwa nyumba na kipande cha mpira, akinyonya petroli kidogo kwenye pikipiki ya huyu, kidogo kwenye ya yule, mpaka mdomo wake ukababuka. Mama alifika Haydom midomo yake ikiwa na rangi ya majivu. Walimwekea hewa, wakamchoma sindano, pumzi ikarudi. Muuguzi alituambia tumebahatika.

Felician aliporudi nyumbani hakwenda kijiweni. Alikaa kwenye kigogo cha nje akiangalia maksai wawili waliobaki wa baba. Halafu akaniambia, "Dada, Mama hawezi kufa kwa sababu mtu ameficha chupa chini ya meza."

Aliwauza maksai wale mnadani, na pikipiki ya petroli akaiuza kwa fundi, akaenda Babati. Alirudi juu ya lori akiwa amekumbatia pikipiki ya umeme. Umeme ulikuwa umeshafika kijijini kwetu, na nyumba ya Mama ilikuwa na taa mbili na soketi moja sebuleni, chini ya picha ya Bikira Maria. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Unanunua umeme wa LUKU, unachomeka jioni, asubuhi betri imejaa. Hakuna chupa, hakuna meza, hakuna kumwomba mtu. Mama akizidiwa, chombo kiko ndani ya nyumba na kimeshiba.

Kijiweni walimcheka. Alfredi, rafiki yake wa tangu shule ya msingi, aliizunguka pikipiki ile akasema Felician amenunua pasi yenye matairi. Mwingine akauliza kama abiria naye anapigwa pasi. Felician alicheka nao. Aliwaacha waijaribu mmoja mmoja, na wakirudi walikuwa wameacha kucheka. Wawili walianza kuuliza maswali ya kweli, kuhusu betri na duka, na kama wakiuza walichonacho itatosha.

Mama hakufurahia habari ya maksai. Alisema maksai wanalima, na ukiwauza bado mgongo wao unaonekana shambani kwa mtu mwingine, lakini hii itafanya nini? Alitumia muda kuizoea. Kwa vile haikuwa na mlio, aliiita Bubu. "Bubu amekuja," alisema Felician akiingia uani kimyakimya na kuwashtua kuku. Jioni pikipiki iliingizwa sebuleni ili ichajiwe, na Mama aliona jambo hilo ni la kuchekesha kuliko yote. Alipokuwa mtoto, nyumba za huku watu walilala pamoja na ng'ombe ndani. "Tumehangaika miaka yote kuwatoa ng'ombe," alisema, "leo tunalala na Bubu."

Naomba msomaji aelewe vizuri jambo linalofuata, maana ndilo lililotokea.

Mama hakuwa amesoma zaidi ya kujua jina lake na namba. Alimuuliza Felician juu ya ile chaja, kwa nini ina taa, kwa nini inavuma, kwa nini ukiigusa ina joto. Mimi nilikuwepo, nachambua mboga. Felician alimweleza kwa subira. Akamwonyesha swichi ya ukutani, hapa inawashwa, hapa inazimwa. Kisha akamwambia, "Usiwe na wasiwasi, Mama. Taa nyekundu ikiwaka, ujue inafanya kazi." Mama aliitikia kwa kichwa. Felician angeweza kusema inakula, au inajaza betri. Lakini ndivyo tunavyosema sote, redio inafanya kazi, simu inafanya kazi. Hata mimi niliyesoma sikusikia kitu cha kunishtua.

Miezi ile ilikuwa mizuri, lazima niseme ukweli. Felician alibeba wagonjwa kwa nauli nafuu ambayo walikuwa wameisahau. Kliniki ya Mama hatukukosa hata mara moja. Alipanda nyuma amejifunga shuka, akiwapungia watu mkono kama askofu. Kulikuwa na mfugaji mmoja wa upande wa Hanang, Gidahosh, ambaye kila baada ya mavuno alipandisha ng'ombe wake kuja kula mabua kwenye mashamba yetu, na yeye na Mama walikuwa na utani wa siku nyingi. Alipoiona pikipiki ile alimwambia Mama kwamba sasa hata wezi wa mifugo watapata usafiri usiolia. Mama akamjibu kwamba wezi anaowajua yeye wanatembea kwa miguu na wanavaa shuka nyekundu kama yake. Walicheka mpaka Mama akakosa pumzi, na mimi nikaogopa. Jumapili zile nilimshukuru Mungu kwa sauti mbele ya jumuiya. Nilisema ametufungulia mlango.

Mzee Patriki alifariki siku ya Jumatano mchana. Alikuwa jirani yetu wa shamba linalopakana, mzee aliyemsaidia Mama kupanda msimu ule baba alipofariki. Siku hiyo Felician alikuwa amepeleka abiria Haydom na kurudi, na betri ilikuwa karibu kuisha. Aliingiza pikipiki sebuleni jioni, akachomeka, akaona taa nyekundu imewaka, akabadili shati akaenda msibani. Wanaume walilala nje pale kwa mzee Patriki, kuzunguka moto, kama desturi. Sisi wanawake tulikuwa jikoni na kwa mjane. Mama alikuja kukaa naye kidogo, wakashikana mikono, kisha nikamrudisha nyumbani kwa sababu miguu yake ilikuwa imevimba. Nilimwacha kitandani na rozari yake, nikarudi msibani kupika.

Asubuhi niliwahi kuja kumsaidia kuvaa. Mazishi yalikuwa saa nane mchana na alitaka kufika mapema. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, kanga moja begani, nyingine mkononi, na alikuwa anavuta hewa kama mtu anayevuta kamba nzito kutoka kisimani. Hakuweza kunijibu. Nilitoka nikakimbia nikimwita Felician kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

Alikuja mbio. Hakuwa amelala. Aliung'oa waya wa chaja, akaisukuma pikipiki nje, na mimi nikamshika Mama, tukampandisha katikati yetu, mshikaki, nami nyuma nikimkumbatia ili asianguke. Felician hakuangalia kipimo cha betri. Hajawahi kunipa sababu, wala mimi sijawahi kumuuliza, kwa sababu naijua. Mtu aliyechomeka kwa mkono wake mwenyewe na kuiona taa haangalii.

Mwanzo njia inashuka na tulikwenda vizuri. Upepo ulimfanya Mama avute hewa kidogo, akaegemeza kichwa mgongoni kwa Felician. Mimi nilikuwa nasali Salamu Maria sikioni kwake. Tulipoanza kupanda, pikipiki ikapunguza mwendo. Felician akatazama chini, kwenye kipimo. Akaniambia nishuke, nikashuka, nikawa nakimbia pembeni nimemshika Mama mkono. Ikasogea kidogo, ikasogea kidogo tena, ikasimama. Haikutoa mlio wowote. Petroli ikiisha, pikipiki inakohoa na kukwama, unajua kuna kitu kimetokea. Hii ilisimama tu.

Tulimteremsha Mama, tukamkalisha kwenye ukingo wa barabara, mgongo wake kifuani kwangu, maana kulala asingeweza. Nilimpigia Alfredi simu. Alikuwa msibani, anachimba kaburi. Pikipiki yake ilikuwa na mafuta ya kufika tu kwenye meza ya kwanza, na meza zote zilikuwa zimefungwa kwa heshima ya mzee Patriki. Alisema anakuja hata kwa kuomba. Felician alisimama katikati ya barabara akiangalia huku na huku. Mwaka mwingine yangepita magari matatu au manne kwa muda kama ule. Lilipita lori moja la mawe likielekea Dongobesh, dereva akasimama, akasema pole, akaeleza kwamba mafuta aliyonayo ni ya kumrudisha kwa tajiri wake tu na akigeuza hatafika. Sikumlaumu. Alikuwa anaona aibu hata kututazama.

Felician alikuwa anaongea peke yake. Alisema wamemuuzia chaja ya bandia. Alisema umeme ulikatika usiku, halafu akasema haukukatika, taa ya nje kwa mzee Patriki iliwaka mpaka asubuhi. Alisema atakwenda Babati amshike yule mwenye duka shati, amlete hapa, amwonyeshe.

Mama akainua mkono. Alikuwa anasema neno moja, anapumzika, anasema lingine.

"Mwache mtu wa watu," alisema. "Mimi ndiye niliyezima."

Felician akapiga magoti mbele yake. "Umezima nini, Mama?"

"Bubu. Ile taa ilikuwa inawaka." Akavuta hewa. "Patriki amelala ndani, hajazikwa. Na wewe uliniambia, ikiwaka inafanya kazi."

Ilinichukua muda kuelewa. Nilimwona Felician akielewa kabla yangu. Uso wake ulibadilika kama wa mtu aliyemwagiwa maji. Mama alikuwa amelala kitandani usiku ule, akasikia chaja inavuma sebuleni, akaona wekundu wake chini ya mlango, na akaona aibu. Kijiji kizima kimeacha kazi, na ndani ya nyumba yake, nyumba ambayo Patriki aliipandia mahindi, kuna kitu kinafanya kazi. Akajikongoja na miguu yake ile, akazima ukutani, kama alivyoonyeshwa.

Mama alikuwa anamwangalia mwanawe. Alikuwa mgonjwa lakini hakuwa mjinga, na aliona kwamba kuna jambo.

"Nimekosea, baba?" akamuuliza.

Felician alimshika mikono yote miwili. "Hapana, Mama," alisema. "Umefanya vizuri. Mzee Patriki alistahili."

Mama akatulia. Naamini alimwamini. Sijui kama kuna jambo gumu zaidi ambalo mdogo wangu amewahi kulifanya au atakuja kulifanya.

Wa kwanza kufika alikuwa Gidahosh, na ng'ombe wake mbele yake, akitokea kwenye mabua. Alituona, akawaacha ng'ombe watawanyike barabarani, akaja. Hakutania. Alisema kuna mtu ana mkokoteni wa punda ng'ambo ya kilima, akaondoka mbio na fimbo yake. Alfredi naye alifika, lakini kwa miguu, akisukuma pikipiki yake iliyoishiwa njiani, na chupa ya soda mfukoni ikiwa na petroli nusu aliyoitunza kwa ajili ya Mama. Nadhani aliinyonya kwenye pikipiki za waombolezaji, kama Felician siku ile ya mvua. Waliimimina. Pikipiki ikawaka. Walipokuja kumwinua Mama, kichwa chake kilikuwa kimeshakuwa kizito mkononi mwangu, na mimi bado nilikuwa nasali. Sikuacha. Nilisali mpaka Alfredi akanigusa bega akasema, "Dada, imetosha."

Tulimrudisha kwa mkokoteni wa punda alioleta Gidahosh. Alitembea pembeni mwa gurudumu mpaka nyumbani kwetu, na ng'ombe wake walibaki barabarani bila mtu. Siku hiyo mzee Patriki alizikwa, na kabla watu hawajachukua majembe yao kurudi mashambani, wakaambiwa wakae tena. Walikaa.

Katekista wetu, Yohanes, alikuja kutufariji. Alisema Mungu ana mpango wake na sisi hatuuoni. Felician alimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho, akamsindikiza hadi barabarani. Aliporudi akaniambia kwamba na yeye alikuwa na mpango, na wake ulionekana vizuri kabisa. Ninaamini Mama yuko kwa Mungu. Ninaamini pia kwamba watakatifu wanaomjua wanamtania juu ya vitunguu saumu. Lakini nikipiga magoti kusema asante, neno halitoki, na nimeacha kulilazimisha. Nasema tu, raha ya milele umpe, ee Bwana, na nanyamaza hapo.

Baada ya msiba watu walitaka kujua. Ni kawaida, mtu hafi bila kuulizwa sababu. Felician aliwajibu wote kwa maneno yaleyale, iliisha chaji. Nilimwambia kwamba akieleza jinsi ilivyozimwa, watu wataelewa kwamba pikipiki haikuwa na kosa, wala yeye. Alinitazama kama vile nimemtukana mtu. Alisema, "Nikawaambie Mama amejiua kwa sababu ya heshima? Waache waseme pikipiki."

Wakasema pikipiki. Habari ilishuka mpaka Dongobesh na kupita. Wale vijana wawili waliokuwa wanaulizia duka la Babati hawaulizi tena. Wamerudi kwenye chupa za soda, na bei imepanda tena mara mbili tangu hapo, na wanalala mchana juu ya pikipiki zao kama zamani. Alfredi haitanii pikipiki ya Felician hata kidogo, na naona Felician angefurahi kama angeitania. Anabeba mizigo, magunia ya vitunguu saumu, marobota ya mitumba siku ya mnada. Wagonjwa hawapandi kwake.

Wiki iliyopita nilikwenda sokoni nikapita kijiweni kumsalimu. Tulikuwa tumesimama pale alipokuja Judica, mama wa kijiji cha chini, amemshika mume wake aliyevimba mguu mpaka gotini, anahitaji kufika Haydom. Felician alimwamkia shikamoo, akaanza kufuta kiti. Judica aliitikia marahaba vizuri, akasimama. Alikuwa anatafuta namna ya kusema bila kumuumiza.

"Hapana, baba," alisema. "Siyo hiyo. Natafuta ya petroli."

Felician akamwonyesha Alfredi. Alfredi akatikisa kichwa, hana mafuta tangu juzi, na wengine wote walikuwa hivyohivyo. Kuna gari litakuja, labda jioni, kama litajaa.

Judica alimshukuru kila mmoja. Akamkalisha mume wake juu ya gunia, akamnyooshea mguu, akasema watasubiri. Felician alirudisha kitambaa mfukoni. Betri yake ilikuwa imejaa, nilikiona kipimo. Aliniuliza habari za watoto, nikamwambia hawajambo, na tukabaki tumesimama pale.